Chati Iliyotundikwa Kichwa Chini

Alhamisi ile niliingia darasani dakika chache baada ya kengele kwa sababu ya mvua. Darasa la kwanza, mkondo B. Watoto walishasimama wananisubiri. "Shikamoo mwalimu!" Nikaitikia marahaba, nikachukua fimbo ya kuonyeshea, nikampa binti mmoja wa dawati la mbele ambaye hupenda kuongoza. Ana sauti huyu mtoto. Akianza yeye, watoto wote 87 humfuata.

Wakaimba. A e i o u. Ba be bi bo bu. Cha che chi cho chu. Kila mwisho wa mstari makofi mawili na mguu mmoja chini. Fimbo ikawa inapita juu ya chati ya silabi, inagusa moja baada ya nyingine, sawasawa na sauti zao. Mwalimu mkuu alipita barazani, akachungulia dirishani, akatabasamu. Nami nikatabasamu.

Walipofika mstari wa nne ndipo nilipoitazama chati yenyewe.

Ilikuwa kichwa chini.

Upepo wa usiku uliiangusha, na aliyefagia asubuhi aliiokota akaitundika upande ulioingia msumari kirahisi. Kwa hiyo midomo iliposema "a", fimbo iligusa "zu" iliyopinduka. Iliposema "e", fimbo iko kwenye "zo". Na katika watoto 87 hakuna aliyekosea hata sauti moja.

Mmoja tu, kijana wa dawati la nyuma, alikuwa ameinamisha kichwa hadi sikio linakaribia bega. Nilidhani anacheza. Nikamwambia akae vizuri.

Imepita miezi miwili sasa na bado naiona ile chati.

## Hesabu chini ya mwembe

Baada ya mapumziko nilichukua kadi za silabi nikatoka na watoto mmoja mmoja hadi chini ya mwembe, mwenzangu akanishikia darasa. Nilianza na yule binti kiongozi. Nikamwonyesha "ma". Akanitazama usoni, siyo kwenye kadi. Akasema "ba". Nikamwonyesha "so". Akanitazama tena usoni, akasema "sa?", kwa sauti ya mtu anayebahatisha bei sokoni.

Nilipofika mtoto wa 20 niliacha kuhesabu walioshindwa nikaanza kuhesabu walioweza, maana hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu fupi.

Ninafundisha madarasa ya chini kwa miaka kumi na moja. Tangu mtaala wa 2015 ulipotutaka tuweke nguvu zote za darasa la kwanza na la pili kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, nimehudhuria semina kadhaa, na karibu kila moja tulirudi na wimbo mpya. Wimbo wa irabu, wimbo wa kunawa mikono, wimbo wa kuhesabu mayai. Nilizipenda, bado nazipenda. Mkaguzi akija, darasa linaloimba ni darasa changamfu, na darasa changamfu huandikwa vizuri kwenye ripoti.

Lakini swali lililoninyima usingizi wiki ile halikuwa la mkaguzi. Nilijiuliza: kama wimbo unaweza kwenda hadi mwisho bila herufi hata moja kusomwa, basi miaka yote hii nilikuwa nafundisha nini?

## "Mwalimu, umefiwa?"

Nikaacha kuimba.

Sikumwambia mtu. Kwa wiki mbili somo la kusoma likawa la kadi, ubao na kunyoosha kidole. Darasa likatulia. Nikajiambia sasa tunasoma kweli.

Siku ya nne, wakati wa uji, mtoto mmoja alikuja akasimama karibu yangu, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, umefiwa?"

Kwao nyumba isiyoimba ni nyumba yenye msiba.

Nikaanza kuona mengine. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Gawanya kwa watoto 87, kila mmoja anapata kama sekunde 20, na hapo hujatoa muda wa kugawa kadi wala wa kuamua ugomvi wa penseli. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Nani asiyejua hali ilivyo. Katika kimya changu kizuri, mtoto alikuwa anafungua mdomo kutamka silabi labda mara mbili kwa siku. Katika wimbo alikuwa anaitamka mara mia. Nilitupa upofu wa wimbo, sawa, lakini nilitupa pia mazoezi pekee ya ulimi yanayoweza kuwafikia watoto wote 87 kwa wakati mmoja.

Halafu yule kijana wa dawati la nyuma.

Zamu yake ilipofika nilimwonyesha kadi ya "mi". Midomo yake ikafunga kwenye "m" ikagoma kufunguka. Shingo ikakaza. Wenzake wakaanza kucheka, nikawanyamazisha, lakini nilikuwa nimeshashika kalamu kuweka alama ya "hajui". Akapiga paja lake mara moja, akaitoa silabi kwa mahadhi ya wimbo wetu wa zamani: "Miii." Nikampa nyingine. Akaiimba. Nyingine. Akaiimba. Nikamwandikia ubaoni "samaki", neno ambalo sikuwahi kulifundisha. Akaliimba lote, polepole, kidole kikipita hewani.

Alikuwa anajua kusoma. Ana kigugumizi, na watu wengi wenye kigugumizi wakiimba ulimi huachia. Siku ile ya chati hakuwa anacheza, alikuwa anainamisha kichwa ili aweze kuzisoma herufi zilizopinduka.

Nami kwa wiki mbili nilikuwa nimemfungia mlango mmoja aliokuwa anapitia.

## Kijiti cha ustadhi

Jirani yangu ni mzee anayefundisha chuo cha Kurani, watoto wa mtaa humkalia barazani kila jioni baada ya alasiri. Nilimpelekea swali langu kwa sababu kwake ndiko nilikojifunza kwamba sauti ya watoto wengi ni kitu kimoja na elimu ya mtoto mmoja ni kitu kingine.

"Shikamoo ustadhi."

"Marahaba mwanangu. Leo uso si wako."

Nikamweleza ya chati. Alicheka kidogo, si kwa dharau.

"Hao nami ninao," akasema. "Juzuu nzima anaisoma bila kukwama. Ukimfungulia katikati ya ukurasa ukamwambia anzia hapa, anatafuta alipo kama aliyepotea njia. Huyo kahifadhi, hajasoma. Kuhifadhi si kubaya. Ila ujue kipi umepata."

"Sasa unafanyaje?"

"Namkata."

Akaita mtoto. Mtoto akaja na msahafu na kijiti, akaanza kusoma kwa ile sauti ya kuvuta tunayoijua sote, kijiti kikitembea chini ya herufi. Ghafla mzee akanyanyua kiganja. Mtoto akanyamaza. "Uko wapi?" Mtoto akaangalia kijiti chake. Kilikuwa kimetangulia herufi mbili mbele ya mdomo. Akakirudisha, akaangalia, akatamka ile herufi peke yake. Kiganja kikashuka, wakaendelea.

Basi. Hakuna cha zaidi. Wimbo, mkato, kimya, kidole, wimbo.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwaza kiganja kile.

## Redio iliyojua kunyamaza

Kitu kingine kikanirudia kichwani. Zanzibar, katikati ya miaka ya 2000, kulikuwa na vipindi vya redio vya watoto wadogo vilivyoitwa Tucheze Tujifunze. Mwenyeji mmoja wa Unguja aliwahi kunihadithia jinsi redio ilivyokuwa ikiuliza swali kisha ikakaa kimya, na watoto wakalijibu boksi kana kwamba kuna mtu ndani.

Njia hiyo ina historia ndefu kidogo. Ilianza Nikaragua miaka ya 1970 kwa vipindi vya hesabu, ikafika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kufundishia Kiingereza madarasa ya chini, kisha ikasambaa nchi nyingi. Ukisikiliza vipindi vya aina hiyo utagundua jambo moja: mwandishi wake hakuandika maneno tu, aliandika pia vimya. Swali, sekunde tatu, jibu sahihi, sifa. Kile kimya kimepimwa. Kikiwa kifupi mtoto hawahi. Kikiwa kirefu darasa linavunjika.

Tulipofunga shule Machi 2020, watoto wengi wa Afrika Mashariki walirudi kusomeshwa na redio. Vipindi nilivyovisikia vingi vilikuwa hotuba. Mtu mzima anaongea, anaongea, wimbo, anaongea. Hakuna mahali pa mtoto kuingia. Sisemi hivyo kuwalaumu waliovitengeneza kwa haraka katika wakati ule mgumu. Nasema kwa sababu nyimbo zangu zilikuwa hivyohivyo: zimejaa hadi ukingoni, hazina pengo.

Nikazitoboa.

Jumatatu nilirudi na wimbo wetu wa silabi, lakini watoto watano walishika kadi za "ma me mi mo mu" mbele ya darasa. Sheria ilikuwa moja. Mwalimu akinyanyua kiganja, midomo yote inafungwa, na mwenye kadi ya silabi inayofuata anainua kadi yake juu. Darasa likiiona ndipo linaendelea.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Midomo ilipita juu ya kiganja changu kama baiskeli isiyo na breki kwenye mteremko. "Ma me mi mo mu" ilikuwa neno moja kwao. Nilikumbuka watoto wa shule za Kiingereza wanaoimba herufi zao, wakifika katikati wanasema "elemenopi" kwa pumzi moja, wakiamini ni herufi moja. Muziki ulikuwa umeunganisha vitu ambavyo kazi yangu ni kuvitenganisha.

Siku ya tatu wakaanza kusimama. Wiki ya pili nikawaambia tuimbe kutoka mwisho: mu mo mi me ma. Kisha tuanzie katikati. Kisha nikabadilisha mahadhi kabisa, maana niligundua kuna watoto waliokuwa wanaitambua silabi kwa kupanda na kushuka kwa sauti, siyo kwa umbo lake. Mahadhi mapya yaliwaacha wazi, nao ndio niliowahitaji kuwaona.

Kama kuna mwalimu anasoma hapa na atachukua kitu kimoja, achukue hicho: badilisha mahadhi, uone nani anabaki.

## M-to-to

Hapa nilipata furaha ambayo sikuitegemea.

Lugha yetu ina bahati. Silabi zake nyingi zinaisha na irabu, ziko wazi, unaweza kuzipigia makofi. Washairi wetu walilijua hilo karne nyingi kabla ya semina zangu. Mtu anapohesabu mizani nane katika mshororo wa utenzi, anahesabu silabi kwa sikio, bila kalamu. Kwa hiyo nilipoanza kuwapigisha makofi maneno kabla ya kuyasoma, sikuwa naleta jambo geni.

"Baba." Makofi mawili. "Samaki." Matatu. "Mtoto."

Darasa likagawanyika. Nusu walipiga mawili, nusu matatu.

Nikawaacha wabishane. Upande mmoja unasema mto-to. Upande wa pili: m-to-to. Binti kiongozi alikuwa wa mawili, tena kwa sauti kubwa. Kijana wa nyuma alipiga matatu na hakusema neno. Nikawaambia wote waweke kiganja mdomoni, walitamke neno polepole sana. Ile "m" ikawasimama midomoni, peke yake, na pumzi yake, kabla ya "to". Matatu. Mshairi yeyote angewaambia vivyo hivyo: "mtu" ni mizani mbili, "nchi" ni mizani mbili, ile m na ile n zinajitegemea. Tukajaribu "mbuzi". Wakapiga matatu, kwa kuwa sasa walishapata kanuni. Tukaweka tena viganja midomoni. Hapana. Hapa m imeshikana na b, zinatoka pamoja. Mbu-zi. Mawili. Lakini "mbu" mwenyewe, yule anayeuma usiku? M-bu. Mawili. Kipindi kizima kilikwisha kwa mbuzi na mbu, na sijawahi kuona watoto wa miaka sita wakibishana juu ya lugha yao kwa ari namna ile.

Wiki iliyofuata, walipokuja kuandika "mtoto" kwenye daftari, sikuona wengi wakiandika "mutoto". Miaka mingine huwa naisahihisha hiyo hadi Septemba.

Nina onyo moja kuhusu nyimbo tunazozitunga wenyewe usiku kwa ajili ya kesho. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukilazimisha neno liingie kwenye mahadhi yasiyo yake, mkazo unahama, na mtoto ambaye kwao wanazungumza Kisambaa au Kizigua, anayekutana na neno kwa mara ya kwanza, atalibeba vile ulivyompa. Nimetunga kadhaa za namna hiyo. Nimezifuta.

## Bati, simu na sauti ya bibi

Mwenzangu mmoja aliweka kwenye kundi letu la WhatsApp video inayosema tuwapigie watoto muziki wa Mozart wakiwa wanaandika, akili zitafunguka. Nilijibu kwa heshima. Utafiti ulioanzisha habari hiyo, wa 1993, ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na ulichokiona ni nafuu ya muda mfupi, kama robo saa, katika maswali ya maumbo. Watoto wadogo hawakuwemo kabisa. Muziki wenye maneno ukipigwa wakati mtoto anasoma huchanganya zaidi ya kusaidia, kwa kuwa maneno mawili yanagombea sikio moja.

Kusikiliza ni jambo jingine. Nilinunua spika ndogo ya kuchaji na memori kadi, nikaenda kwa bibi watatu wa mtaani kwetu nikawarekodi wakisimulia. "Paukwa!" "Pakawa!" Sauti zao wenyewe, na vikohozi vyao, na kuku wanaopita. Nikasimamisha rekodi sehemu ambazo bibi angesubiri mjukuu aitikie.

Mara ya kwanza nilishindwa kabisa. Ilikuwa saa nne, wingu likafunguka, na darasa letu halina dari, ni bati tupu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele za darasani zisizidi desibeli 35. Mvua ikipiga bati, hata mwenzako wa dawati moja humsikii. Spika yangu ilikuwa inafungua na kufunga mdomo bure.

Sasa hadithi tunazisikiliza chini ya mwembe, makundi mawili, siku ya jua. Siku ya mvua tunapiga makofi, maana makofi yanaonekana hata yasiposikika. Na walio nyuma nawaleta mbele kwa zamu. Katika kuwaleta mbele nimegundua mtoto mwingine ambaye mwaka mzima alikuwa akifuata midomo ya wenzake kwa sababu masikio yake hayasikii vizuri. Kiitikio cha pamoja kilimficha. Mama yake ameshampeleka hospitali ya wilaya, tunasubiri.

Hilo linaniuma kuliko chati.

## Kidole chake

Kijana wa nyuma amehamia dawati la pili. Anasoma kwa kuimba, nami nimewaambia wenzake kwamba hiyo ni njia yake ya kusoma. Juzi alisoma sentensi nzima, na maneno mawili ya mwisho aliyasema bila kuimba. Sikumpongeza kwa hilo mbele ya watu. Nilimwachia mwenyewe.

Binti kiongozi ndiye bado ninayemfikiria jioni. Alichukia viganja vyangu. Wimbo ulikuwa wake, nami niliuvunjavunja mbele ya macho yake. Wiki moja aligoma kuongoza.

Ijumaa iliyopita, darasa likiwa linaandika, nilipiga magoti karibu na dawati lake. Nikamfungulia kitabu penye neno "moto". Hakuniangalia usoni. Aliweka kidole chini ya silabi ya kwanza, na nikasikia midomo yake ikinong'ona, chini kabisa, kwa mahadhi yale ya zamani:

"Ma… me… mi… mo."

Akasimama hapo. Kidole kikasogea.

"Ta… te… ti… to."

Alikuwa anapanda wimbo kama mtu anayehesabu ngazi gizani ili ajue mlango uko wapi. Ilichukua muda mrefu. Nje mtoto wa zamu alikuwa ameshaanza kugonga rimu ya gari, wenzake wanakusanya madaftari, magoti yangu yanauma kwenye sakafu. Sikumsaidia.

"Mo. To," akasema. "Moto."

Akasogeza kidole kwenye neno linalofuata.